Kishikwambi Kilichobaki Hewani

"Fungua na dirisha la jikoni," Rosenda alimwambia mdogo wake. "Nyumba nzima inanuka ng'onda. Mtu anakuja kuposa utadhani kalibeba soko mgongoni."

Belen alicheka mpaka akashika meza. Wageni walikuwa hawajamaliza hata nusu saa tangu washuke ngazi.

Jumapili hiyo Rodel alikuja na mama yake, Pacing, mjane anayeuza ng'onda, samaki wa kukausha, sokoni Lucena. Walipanda ngazi za nyumba ya Rosenda na masufuria mikononi, kama desturi inavyotaka watu wa mwanamume wapande kwa watu wa mwanamke, wakamwomba Jovelyn, binti wa nyumba hiyo. Herminio, mume wa Rosenda, alikuwa baharini kwenye meli ya mizigo, kwa hiyo kishikwambi alichowatumia mwaka juzi kiliegemezwa kwenye sufuria la wali ili naye amtoe binti yake. Kwenye simu hiyo hiyo ya video waliunganishwa na Bibi Ising, bibi yake Rodel, aliyebaki kwao kwa kuwa miguu yake haiwezi ngazi tena. Herminio alilia, Bibi Ising akaimba. Harusi ikapangwa Januari. Kisha mtandao wa meli ukakatika, kioo kikawa cheusi, na Rosenda akadhani mambo yamekwisha. Hakuna aliyebonyeza kuzima.

"Na yule mhandisi wako je?" Belen aliuliza huku akikusanya sahani.

"Nimeshamtumia picha tatu za Jovelyn. Kazipenda. Mpaka Januari kuna mengi, mdogo wangu. Mhandisi akija na ghorofa lake, huyu mwana wa ng'onda atajua mwenyewe njia ya kwao."

Jovelyn alikuwa nje anamwaga maji, hakusikia. Aliingia, akakichukua kishikwambi apanguse punje za wali, na kioo kikawaka. Bibi Ising alikuwa bado amekaa pale pale, anawatazama. Nyuma yake alisimama Pacing, hata kanga ya kichwani hajavua, na Rodel ameugeukia ukuta. Rosenda alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. Pacing akanyoosha mkono, picha ikapotea.

Ujumbe wa Pacing uliingia kabla Jovelyn hajakiweka chini.

"Balae, tumefika salama. Kifaa chenu kilikuwa bado kiko hewani. Tumesikia. Asanteni kwa chakula."

Balae ndivyo wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wameoana. Angetukana, Rosenda angepata pa kujibia. Lakini kuitwa balae, baada ya yale, kulimchoma mpaka kwenye kucha.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa Rodel, kwenye simu ya Jovelyn.

"Kumbe kuna mhandisi. Ungeniambia tu, nisingempandisha mama yangu ngazi zenu."

Jovelyn aliusoma mara mbili.

"Mama, mhandisi gani?"

Rosenda akamweleza akiwa ameinamisha macho. Ni mwanamume aliyefiwa na mke, wamejuana mtandaoni, ana kazi nzuri Dubai, na yeye alitaka tu mwanawe aishi vizuri.

"Ulimtumia picha zipi?"

"Zile za kuhitimu."

Jovelyn hakupiga kelele. Alikwenda kuosha sahani zote, hata zilizokuwa safi. Kisha akampigia Rodel mara kumi na moja. Hakupokea.

Wenzangu wenye watoto, kifaa kinazimwa kwa kidole, si kwa kudhani. Na kama neno lako linahitaji kifaa kizimwe kwanza, basi neno lenyewe ni baya tangu tumboni.

Siku nne Rosenda hakukanyaga sokoni. Alimtuma Belen kununua mboga, na Belen alirudi akisema wauza samaki wanamtazama kama sahani chafu. Herminio alipopata mtandao, Rosenda alimlilia kuwa atakizika kishikwambi nyuma ya choo, kimewaletea balaa.

"Kwa hicho nimemwona mwanangu akivaa joho la ualimu," Herminio alisema. "Kwa hicho Rodel alikaa miaka miwili kiwandani Taiwan na hawakuachana, na wewe ulikuwa unapita nyuma unawasalimia. Mimi mwenyewe huongea nanyi kwa hicho mpaka usingizi unichukue. Mazuri yake nimeyahesabu, Senda. Mabaya yake pia nayaona, kinabeba kila unachokipa. Lakini hakina mdomo. Mdomo ulikuwa wako."

Rosenda akamwandikia Pacing kuomba radhi. Akafuta. Akaandika tena, akaongeza mikono ya kuomba na ua, akatuma. Alama ikaonyesha kuwa Pacing amesoma. Jioni ikafika, kimya.

"Matusi waliyasikia kwa masikio yao," Jovelyn alisema bila kumtazama. "Samahani unaituma kwa kidole?"

Hilo ndilo lililomwamsha Rosenda Jumapili iliyofuata kupika biko, wali wa kunata wenye nazi na sukari guru, sinia zima. Akamwambia Jovelyn avae. Belen akauliza wanakwenda wapi na chakula cha posa.

"Kuposa," Rosenda alisema.

Mtaa wa kina Pacing ni mfupi, na watu wake wana macho. Hawajawahi kuona upande wa mwanamke ukipanda ngazi na sinia. Mmoja aliuliza kwa sauti kama siku hizi mabibi harusi wanajipeleka wenyewe. Rosenda aliinamisha kichwa, akapanda.

Siku zote Rodel humshika Rosenda mkono akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, heshima ya mtoto kwa mzazi. Leo alifungua mlango na mikono yake ikabaki mfukoni.

Rosenda hakukaa. Alitoa kishikwambi kwenye mkoba, akafungua mazungumzo yake na mhandisi, akampa.

"Soma yote, tangu juu. Jovelyn hakuandika hata neno moja. Alijua siku mliyojua ninyi. Aibu ni yangu, usimvishe yeye."

Rodel alisoma kwa muda mrefu. Jovelyn alisimama mlangoni, vidole vimeng'ang'ania pindo la blauzi.

Rosenda akamgeukia Pacing kwa sauti ya chini. Alisema amemkosea, na kwamba mama yake mwenyewe alimlea kwa ng'onda na chumvi, na hilo alilificha miaka yote.

Bibi Ising akatega sikio.

"Jumapili ile ulisema kwa sauti nzuri, mwanangu. Leo mbona unanong'ona?"

Rosenda akarudia, kwa sauti, mpaka waliokuwa chini ya dirisha wakanyamaza. Machozi yalimwagika, hakuyafuta.

Pacing hakumkumbatia. Alikwenda jikoni, akabandika kikaango, na muda si muda moshi wa ng'onda ukajaa nyumba.

"Sijasahau," alisema akirudi na sahani. "Nitachelewa kusahau. Ila watoto hawajakosa. Kaa ule."

Wakala kwa mikono, ng'onda na siki, biko baadaye. Rodel alikuwa amekwisha kukaa karibu na Jovelyn, anamwomba radhi kwa zile simu kumi na moja, na Jovelyn anamwambia atamlipisha moja moja. Wakati wa kuaga, Rodel alimrudishia Rosenda kishikwambi chake. Kisha akaushika mkono wake, akauweka kwenye paji la uso wake.

Nyumbani Belen aliwapokea, akakunja pua. Nywele za Rosenda, gauni lake, hata mkoba, vyote vilinuka. Belen akakimbilia madirisha.

"Yaache," Rosenda alisema. "Yafunge hayo madirisha."