Chapati Nne za Mama Fransiska

Siku za mnada pale Dongobesh, mashine ya kusaga ya Mectilda haipumui. Watu hupanga madebe na ndoo tangu jua halijachomoza, na foleni hufika hadi mlango wa duka la pembejeo. Siku hiyo ya mwezi wa nane ngano mpya ilikuwa imeshuka kutoka Hanang, naye alikuwa ameshasaga magunia matatu. Unga ulimkaa kwenye nyusi, kwenye kope na juu ya kitenge chake cha zambarau chenye ndege wa njano.

Mtu mmoja akafika mbele ya foleni na debe la mahindi begani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa kwa pasi mpaka likawa kama la siku ya harusi.

"Pole na kazi, dada. Mashine imesaga ngano?"

"Si unaniona nilivyo?"

"Naona. Basi naomba unifungulie niisafishe, halafu ndipo usage mahindi yangu."

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akauliza kama mahindi yake yanaogopa kuchafuka.

"Kaka," Mectilda alisema, "watu hawa wamekaa hapa tangu saa kumi na mbili. Kama unataka mashine iliyooga, njoo kesho kabla sijawasha. Saa kumi na mbili na nusu. Lakini najua huji."

Kesho yake saa kumi na mbili na robo Mectilda alimkuta amekaa kizingitini, mikono ya shati ameikunja, ana brashi yake mwenyewe. Alitoa chekeche akalipangusa. Alipiga brashi kinu chote ndani, akakung'uta mfuko wa unga nje mpaka kuku wa jirani wakapiga chafya. Kisha akasagisha kilo mbili za kwanza na kuwamwagia hao hao kuku. Mectilda alikuwa amekuja kumcheka, lakini hakujua ni saa ngapi alijikuta amemshikia ndoo.

"Kwani ngano ilikukosea nini?"

"Hatupatani."

"Na kwenu ni wapi?"

"Balangdalalu."

"Mtoto wa Balangdalalu, wanakolima ngano, hapatani na ngano."

"Ndiyo shida yenyewe," alisema, akatabasamu, akauliza jina lake badala ya kumalizia habari. Yeye aliitwa Yoakimu Sulle, mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Tumati. Mectilda alidhani ni utani tu, naye Yoakimu akamwacha adhani hivyo.

Wiki haikuisha simu ikaanza. Alikuwa akipiga saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko ya chai shuleni, na Mectilda alijifunza kuzima injini saa nne kasorobo akisingizia kwamba imepata moto.

"Mama wa mashine, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mwalimu. Wenzako wako wapi?"

"Wanakunywa chai na maandazi."

"Na wewe?"

"Mimi nakunywa sauti yako."

"Sauti haishibishi."

"Ndiyo maana nina viazi viwili mfukoni."

Mectilda alicheka mpaka wateja wakageuka kumtazama. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na hakuwa amecheka hivyo na mwanamume yeyote.

Mwezi wa kumi Mectilda akampeleka Yoakimu nyumbani kwa mama yake. Mama Fransiska ni mjane, na jumuiya nzima inamjua kwa chapati zake laini, zinazochambuka kwa vidole kama karatasi. Siku hiyo alipika chapati kumi na mbili, nyama na maharage. Yoakimu alisema shikamoo kwa kuinama, akanawa, akala nyama, akala maharage. Chapati hakugusa.

"Mbona huli, baba?"

"Nimeshiba, mama. Asante sana."

Mama Fransiska akafunika sahani kwa kitambaa. Jumapili yake walisali pamoja. Wakati wa Komunyo benchi lote lilisimama, Yoakimu akabaki amekaa akitazama viatu vyake.

Walipofika nyumbani mama alivua viatu, akakaa. "Mectilda, mwanamume mwenye kipaimara asiyepokea Komunyo ana mke mahali. Na anayekataa chakula cha mkwe hana mpango wa kuoa. Mimi nimemaliza."

Neno hilo lilimkaa Mectilda kifuani usiku mzima. Saa nne simu ilipoita hakusubiri salamu.

"Yoakimu, una mke?"

"Mke? Mke gani?"

"Kwa nini hukupokea Komunyo jana?"

Mectilda alisikia kengele ya shule ikilia upande wa pili.

"Mpenzi, nitakueleza. Lakini si kwa simu."

"Nieleze sasa."

"Siwezi. Utaanza kuniona tofauti."

"Tayari nakuona tofauti. Usinipigie tena."

Zilipita Jumapili mbili. Ya tatu, Mectilda yuko katikati ya wimbo wa kuingia, akamwona Yoakimu akipita katikati ya kanisa kwa suti ya kijivu na tai nyekundu. Wakati wa Komunyo alisimama kwenye mstari, akapokea hostia mbele ya macho ya Mama Fransiska, akarudi kupiga magoti. Baada ya Misa akawafuata hadi nyumbani kama mtu aliyeitwa. Chapati zilipokuja mezani akachukua moja, ya pili, na ya tatu.

"Ongeza, mwanangu," mama alisema, uso umemng'aa, akamsukumia ya nne. Akaila yote.

Mectilda alimsindikiza barabarani, mkono wake ndani ya mkono wa Yoakimu. "Kumbe unazipenda."

"Nazipenda sana," Yoakimu alisema, na macho yake yalikuwa na maji kidogo. Mectilda aliyaita machozi ya furaha.

Jumatatu saa nne simu haikuita. Jumanne ilikuwa imezimwa. Jumatano pia. "Ameshiba, amekwenda zake," mama alisema, ila safari hii sauti haikuwa na uhakika. Alhamisi Mectilda alifunga mashine mchana kweupe, akafunga kilemba, akapanda bodaboda mpaka Tumati.

Kwenye nyumba za walimu mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo mwenye kikombe cha uji wa ulezi. Alikuwa mwalimu Hilda, jirani wa Yoakimu. Alimtazama Mectilda toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye wa chapati?"

Yoakimu alikuwa kitandani na sweta mbili, mashavu yameingia ndani, midomo imekauka. Alipomwona alijaribu kukaa.

"Lala," Mectilda alisema. "Sasa nieleze. Si kwa simu."

Akaeleza. Tangu utoto alikuwa akiharisha na kukonda, tumbo limemvimba kama ngoma, na kwao kila siku ni mkate na chapati kwa sababu ngano ni ya shambani. Alipokua, watu walinong'ona kwamba ana virusi. Alikuwa na mchumba. Wazazi wa mchumba huyo walimtaka akapime, akapima, akaleta majibu safi, na bado wakamkataa. Akiwa na miaka ishirini na saba, daktari wa hospitali ya rufaa alimshushia mpira wenye kamera tumboni, akampa jina la ugonjwa: siliaki. Utumbo wake unajeruhika kila akila ngano au shayiri, hata vumbi lake. Dawa yake ni kuacha tu, maisha yote.

"Nilikwambia hatupatani," alisema. "Ulicheka, nami nikapenda unavyocheka. Nikaogopa kukuharibia."

"Na Komunyo?"

"Hostia ni ngano, Mectilda."

"Hukumwambia Padri?"

"Nimwambie nini? Kwamba Mwili wa Bwana unaniumiza tumbo?"

Mectilda alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akamshika kichwa akakilaza mapajani mwake. "Ulikula chapati tatu ukijua."

"Nne. Mama alinisukumia ya nne."

"Ungekufa kwa ajili ya adabu."

"Sifi. Naumwa wiki mbili, basi. Kukukosa wewe kungenichukua muda zaidi."

Mwalimu Hilda akakohoa, akatoka kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika.

Siku iliyofuata Mectilda alikwenda mwenyewe kwa Padri Qamara. Padri alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani. "Mbona hakuniambia? Mtu wa namna hiyo anapokea kwa divai peke yake, kwa kikombe chake, kisichoguswa na hostia. Mwambie aje tuzungumze." Mectilda alitoka pale anatembea kama msichana wa shule.

Kazi ngumu ilibaki kwa mama. Alipoambiwa, Mama Fransiska alikwenda dukani. Alinunua sufuria mpya na mwiko mpya, akaviweka kwenye mfuko wa peke yake, visiguswe na ngano. Yoakimu alipopata nguvu akaja, akakuta ugali wa mahindi, kuku na mboga ya maboga.

"Nilikupa sumu, mwanangu," mama alisema akiwa bado amesimama, "nawe ukasema asante."

"Zilikuwa tamu, mama. Nilikuwa na miaka mitatu sijaonja."

Mama akakaa. Alinyoosha kanga yake magotini, akaikunja, akainyoosha tena. "Nilipoletwa hapa bibi arusi, mama mkwe alinipa kibuyu cha maziwa. Tumbo langu halijawahi kupatana na maziwa, tangu nizaliwe. Lakini ungemwambiaje mama mkwe mwenye ng'ombe kumi na saba? Nilikunywa, nikakimbilia nyuma ya zizi. Kesho yake hivyo hivyo. Miaka thelathini na moja. Baba yako, Mectilda, amekufa anajua mkewe anapenda maziwa."

Mectilda aliweka tonge chini. "Mama. Kila asubuhi naona kikombe chako cha maziwa kiko tupu."

"Siku hizi anakunywa paka."

Yoakimu ndiye aliyeanza kucheka, akijaribu kujizuia kwa heshima, mabega yakimtetemeka, kisha Mectilda, na mwisho Mama Fransiska mwenyewe alicheka mpaka akashika ubavu, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Walipotulia, Yoakimu alinawa mikono, akageukia upande wa Mectilda.

"Nataka kuwaleta wazee wangu mwezi ujao."

"Unamwomba mama au unaniomba mimi?"

"Nakuomba wewe. Nimechoka kupiga simu saa nne. Nataka nikuone saa nne, na saa nyingine zote."

"Basi walete," Mectilda alisema. "Nimekubali."

Mama Fransiska alikuwa ameshainuka na vyombo. Alisimama mlangoni, akageuka.

"Yoakimu, wazee wako wakichagua ng'ombe wa mahari, waambie wasilete mtamba wa maziwa," alisema. "Walete dume."