Simu ya Gashoho

Jumamosi ile soko la Gitega lilifurika watu wa harusi, na duka la vitambaa la Hassanali halikuwa na pa kukanyaga. Letisia, gauni la kijani limemkaa sawasawa na mkasi unaning'inia shingoni, alikuwa akikata kitenge aliposikia sauti nyuma ya wateja.

"Dada, mi nataka kitenge ya mama. Lakini nikifika hapo mbele nitasahau mama."

Wanawake wakaangua kicheko. Alikuwa Dominiko, kinyozi wa karibu na stendi, shati jeupe, kidevu kinanukia marashi.

"Basi baki huko huko nyuma, usije ukamkosea mzazi," Letisia akamjibu.

Hakubaki. Mvua zilipoanza walikuwa wapenzi, naye akawa anampigia mchana na jioni.

"Sheri wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Nimekwambia nimekula!"

Kisha Letisia akaacha kupokea.

Dominiko hakujua kuwa simu zilikuwa mbili: yake, na ya Gashoho, mkoani Muyinga. Huko aliishi baba yake Letisia, mzee Eliud. Waliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, Letisia akiwa binti mdogo, walikuta familia nyingine inalima shamba lao. Likagawanywa nusu kwa nusu, ugomvi ukabaki mzima. Mama alikufa katikati ya ugomvi huo. Tangu hapo mzee alimpigia binti yake kwa kila jambo: wamerusha jiwe juu ya bati, wamesogeza mpaka, njoo. Naye alikwenda. Asipokwenda, alikesha akingoja habari ya msiba.

Miaka ikapita hivyo. Usingizi ukamkimbia. Sasa simu ikilia tu, hata ya mapenzi, viganja vilimtoka jasho na kifua kikabana. Akawa anaifukia chini ya majora ya vitambaa.

Dominiko akaja dukani.

"Kama iko mwanaume mwingine, we niambie. Mi si mtoto."

Letisia alitaka kusema kila kitu. Kilichomtoka ni: "Niache! Nyote niacheni!"

Dominiko akaondoka. Mchana huohuo Letisia alimfokea mteja, akakata kitambaa cha bibi harusi vipande, kisha akakaa sakafuni asiweze kuinuka. Khairunissa, mke wa Hassanali, akamshika mkono hadi kituo cha afya.

"Moyo wako ni mzima," muuguzi alimwambia. "Lakini umeishi na hofu muda mrefu, mwili umesahau kutulia. Huu ni ugonjwa, si tabia mbaya. Utakuja tuongee kila wiki. Na huyo anayekutwisha mzigo lazima ajue."

Ajue vipi? Letisia alipanda gari kwenda Muyinga akijiona msaliti. Alipoingia uani Gashoho, alisimama ghafla. Dominiko alikuwa pale, mashine ya kunyolea mkononi, anamnyoa mzee Eliud.

"Khairunissa ameniambia yote, akanielekeza huku," Dominiko alisema. "Nisamehe, mukundwa wangu. Mi nilifikiri iko mwanaume mwingine, kumbe we unaumwa."

"Anaumwa nini?" mzee akauliza, nusu ya kichwa imenyolewa. "Mbona amesimama kwa miguu yake?"

"Baba," Letisia akasema, "ukinipigia, sipumui. Silali. Nakupenda, lakini siwezi tena."

Mzee akatazama mpaka wa matete kati yake na majirani. "Nikinyamaza, watanimaliza. Nimpigie nani?"

"Mimi," Dominiko akasema. "Kuanzia leo piga kwangu. Nitakuja mi mwenyewe."

"We ni nani hapa?"

"Ni mtu anataka kuoa mtoto wako."

Upande wa pili wa matete mtu alikohoa, na Letisia akashtuka kama kawaida. Hofu haikuwa imeondoka. Mzee Eliud hakukubali wala hakukataa, aliinamisha tu kichwa, akasema, "Malizia huu upande."

Baadaye Letisia alimvuta Dominiko kando ya migomba.

"Umemwambia baba kabla hujaniuliza mimi?"

"Nakuuliza sasa."

"Waambie wazee wako waje baada ya mavuno. Ila usiniulize kila siku kama nimepona. Sijui itachukua muda gani."

"Sitauliza."

"Na usinipigie. Njoo mwenyewe."

"Nitakuja, hata kwa miguu."

Letisia akamgusa shavu, kisha akaingia ndani, akatandika mkeka wa mama yake na kulala, jua likiwa bado juu.