Kale mu Filimu ya Papa Edmond

Ku Lushebere wengi banasimulia hii mambo. Bongo tupu, banadanganya. Mwenye kuiona na macho yake ni miye.

Miye niko convoyeur, musaidizi wa shofere ku lori. Camion ikishindwa mulima, ninaruka chini na kale, ile kipande ya muti, ninaitupa nyuma ya pine, ile mupira ya gari, isirudi nyuma. Siku moja nilisimamisha camion mbili na kale moja. Uliza muntu yeyote, isipokuwa bale benye kuwa pale.

Ile magaribi nilitoka kazi, kale kwapani. Mama akanituma kutafuta dada yangu Hélène mu salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa. Alikuwa anajifunza kuendesha. Kesho yake angeshusha Fuso, lori ya maharagi, mpaka Sake, mara yake ya kwanza.

Mwalimu wao, Papa Edmond, alisema anatoka Mpofi. Ku Mpofi hakuna mwenye kumujua. Na hakuna mwenye alimuona akikula.

Nikamukuta ametundika shuka ku ukuta, anaonyesha filimu ya kufundisha kuendesha, ya zamani, ya wakati ya batate yetu. Bwana mumoja, nywele inangaa mafuta, gants nyeupe ku mikono, anatosha mukono inje ku dirisha mbele ya kukata kona. Sauti inasema Kifaransa ya heshima: «Doucement, cher ami,» ni kusema polepole, rafiki.

«Angalia huyu Papa wa gants,» Trésor, mwanafunzi mwenzake Hélène, akasema. «Anaendesha kama anaenda kuoa.»

Tulicheka. Ilikuwa muzuri kweli.

Kisha nikasikia... kimya. Grupe ya courant, ile mashini ya umeme, ilikuwa imezimika.

Filimu ilikuwa inaendelea.

Na ile harufu... pine yenye kuungua.

«Dada, twende,» nikanongona.

«Ngojea kidogo.»

Mu filimu, bwana wa gants akasogea kiti ya pembeni. Ku volant, ku usukani, kukakaa mwanamuke. Foulard ya njano ku kichwa. Akageuka.

Alikuwa Hélène.

Gari ikapanda mulima. Ile mulima ninaijua, iko ku barabara ya Sake, bonde chini yake. Moteur ikazimika. Gari ikaanza kurudi nyuma... polepole...

Hélène, pale pembeni yangu ku kiti, akakanyaga sakafu na muguu kama anafunga breki. «Kaka, frein haishike.»

Kiti yake nayo ikaanza kurudi nyuma. Krrr... krrr...

Papa Edmond hakugeuka. «Fanya vile nilikufundisha, binti.»

Nikatupa kale ku shuka, chini ya pine.

Gari ikasimama. Picha ikazimika. Kale ilianguka sakafuni, ya moto, alama ya pine juu yake. Taa ya mafuta ilipowashwa, Papa Edmond hakuwa pale. Mpaka leo hajaonekana.

Kesho yake, ku ile mulima, Fuso ilizimika kweli. Frein ikashika. Hélène bado anaendesha, na bantu bananiita Papa Kale. Ninaitika.

Sasa nitubu, kitu moja niliongeza miye mwenyewe mu hii simulizi. Kale sikuitupa. Kiti ilipoanza kurudi nyuma, nilikimbia mpaka kwa Mama. Nilipofika, kale yangu ilikuwa bado kwapani, safi.

Lakini Hélène ana kale ingine, ile yenye alama. Anaapa ku Biblia aliniona miye nikiitupa. Anasema kisha nilisimama mbele ya shuka, ninamuangalia yeye tu... na sikupepesa macho hata mara moja.