Neno Lililotungwa Nyuma ya Goli

Je, umewahi kuona aibu mpaka masikio yakawaka moto? Aibu ya namna hiyo ilimpata Casilda, tena mbele ya watu.

Ilikuwa Oktoba, msimu wa zafarani kule La Mancha. Kila siku akitoka shule, Casilda aliketi na wanawake wa mtaani kwenye meza ndefu, wakachambua maua ya zambarau na kutoa nyuzi zake nyekundu, vidole vikigeuka manjano. Siku hiyo alikuwapo mgeni, Bi Leocadia wa Taasisi ya Lugha. Kazi yake ilikuwa kukusanya maneno ya Kihispania ya wakulima kabla hayajasahaulika, yaingie kwenye kamusi. Wiki iliyotangulia aliwapa wanafunzi kadi: kila mmoja aandike maneno matano ya wazee wake, na jina la aliyeyasema.

Casilda alikwenda kucheza mpira. Bibi yake, Obdulia, hakuulizwa hata neno moja. Yote matano mtoto aliyatunga mwenyewe nyuma ya goli, kisha akaandika chini: Obdulia.

Bi Leocadia akasoma kadi. "Tarampela: kikapu cha kuchumia maua."

"Tara nini?" Jirani yao Fuensanta akaangua kicheko. "Miaka hamsini nachuma, sijalisikia! Obdulia, umeanza kuweweseka?"

Meza nzima ikacheka. Bibi akamtazama mjukuu wake, akaona uso ulivyomwiva. Akainamia maua.

"Ni langu," akasema polepole. "Mama yangu alilitumia. Wewe cheka tu, Fuensanta, na hayo meno mawili yaliyobaki."

Bi Leocadia akashika kalamu aandike.

Casilda alitamani ardhi ipasuke. Bibi, asiyedanganya hata umri wa yai, amesema uongo kwa ajili yake!

"Usiandike!" akalia. "Nimeyatunga yote. Bibi sikumuuliza."

Bi Leocadia akaichana kadi taratibu, akatoa nyingine tupu.

"Umefanya vyema kusema, binti. Sisi maneno ya hapa hatuyajui, tunawaamini nyinyi tu. Ukitudanganya leo, na wajukuu zako watakuja kudanganyika. Nipo mpaka Ijumaa."

Casilda akasogea kwa bibi yake, macho chini. "Nisamehe, Bibi."

"Na mimi nilikosea kukufichia." Bibi akapangusa vidole kwenye aproni. "Lakini kadi yenyewe niliiona mfukoni mwako tangu Jumatatu. Nikasubiri, nikasubiri. Mimi nilitaka uje uniulize, mjukuu wangu."