Kifua cha Fundi Viatu

Mume wangu ni fundi viatu, na ana adabu kupita kiasi. Mteja akija kumgombeza, yeye humpa kiti kwanza.

Asubuhi moja alikuwa anashona soli kibandani kwake, nami nipo. Akaweka sindano chini, akashika kifua. Jasho lilimtoka.

"Baba watoto, vipi?"

"Kiungulia tu. Kinabana kidogo."

"Kidogo gani, na umelowa hivyo? Unaumwa wapi tena?"

"Mkono. Mpaka kwenye taya."

Niliogopa sana. Nikafunga kibanda, nikaita teksi itupeleke hospitali. Yeye alitaka tutembee, eti si mbali. Nikamwambia aache ubishi.

Kwenye chumba cha dharura, muuguzi alimsalimu. "Shikamoo baba. Habari za leo?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri tu, nashukuru."

Nzuri! Muuguzi akamwonyesha benchi. Hata hapo hakukaa. Alimpisha mama mwenye mtoto anayekohoa.

Uvumilivu ukaniishia. "Mwanangu, huyu si mzima," nilimwambia muuguzi. "Kifua kinambana, maumivu yanapanda hadi kwenye taya."

Muuguzi hakungoja. Alimlaza kitandani, akambandika nyaya za kupima moyo. Daktari akaja, akasoma kipimo. Akauliza kuhusu mzio na vidonda vya tumbo, kisha akampa aspirini aitafune. Wakachukua na damu.

"Mshipa wa moyo umeziba," daktari alisema. "Tunampa dawa ya kuuzibua sasa hivi."

Nilimshika mkono mume wangu. Ulikuwa baridi. Sikuuachia mpaka rangi ilipomrudia.

Muuguzi akatuambia, "Kifua kikibana, msingoje kipoe. Wengine hawasikii maumivu makali. Huishiwa pumzi au husikia kichefuchefu, hasa wanawake na wenye kisukari. Njooni upesi, na mseme mlangoni, kabla ya salamu."

"Nitaonekana sina adabu," mume wangu alisema.

"Kosa adabu, baba, lakini uwe hai."

Alipona, akarudi kazini taratibu. Juzi akaniita. "Mama watoto, kifua kinauma. Twende."

Tulikwenda. Walimpima moyo, wakarudia tena baadaye, na damu pia. Moyo ulikuwa salama. Kilichouma ni msuli wa kifua tu, kwa kuinamia viatu. Muuguzi hakutununia. Alisema tumefanya vizuri kuja.

Tulipotoka nje nikaanza kulia.

"Sasa unalia nini, na mimi mzima?"

"Nalia kwa sababu safari hii umeniambia mwenyewe."