Kipimo cha Mtego wa Dubu

Haya yalimkuta rafiki yangu Verlin, huko Wisconsin. Chama cha wakusanyaji wa mitego ya kale kilimpa kazi ya kuchagua kitabu bora cha marejeo, naye kila kipimo kilichoandikwa alikilinganisha na mtego wenyewe. Kitabu cha mwisho kilikuwa cha Delmar, sahibu yake, aliyezikwa wiki tatu nyuma. Basi akaenda kwa mjane wake, Arlis, kuupima mtego wa dubu.

"Usimhurumie, Verlin. Angekucheka."

"Jina langu kalikosea kwenye shukrani. Nimeshamkata alama."

Wakacheka, machozi yakiwalenga.

Banda la mitego halina dirisha. Walipousukuma mlango, walisikia gizani springi za chuma zikilia polepole, kama zinazokandamizwa, kisha kimya. Arlis akawasha taa. Mtego uliokuwa umefungwa tangu msiba ulikuwa wazi, umetegwa, na katikati ya meno yake imelazwa rula ya mbao.

Verlin alitaka kuiokota. Arlis akamshika mkono.

"Hiyo nilimwekea mimi mwenyewe kifuani," alinong'ona, "wakafunga jeneza nikiwa natazama."