Soma Kabla ya Kutia Dole

Mimi ni fundi viatu. Nakaa kibarazani, nashona soli, nagonga visigino. Kutwa gundi inaniganda vidoleni. Mke wangu alikuwa mpishi wa shule. Jioni alinikwangua gundi kwa kisu butu, akisema, "Wewe mzee, ipo siku utajibandika kwenye kiti." Sasa najikwangua mwenyewe.

Mwaka juzi wakubwa walisogeza mbele uchaguzi kwa mara ya tatu. Viti vyao vitamu. Watu wakajaa barabarani wakidai kupiga kura. Mke wangu alitoka jikoni akaenda nao, aproni kiunoni. Askari wakafyatua risasi. Yake iliingilia mgongoni.

Hospitalini, askari mmoja alinipa karatasi. "Tia dole gumba hapa, mzee, umchukue marehemu ukazike."

Sikujua kusoma. Nilitaka kuzika tu. Gundi ilikataa wino, akanikandamiza kidole mara mbili.

Baada ya miezi minne nilikwenda ofisini kwao kudai haki. Bwana mmoja akafungua faili. "Mkeo aligongwa na gari. Wewe mwenyewe ulikubali. Hili dole la nani?"

Lilikuwa langu. Nikarudi nyumbani.

Jirani yangu alikuwa karani wa mahakama kabla hajastaafu. Alileta kiatu chake, nikamsimulia. Pole hakunipa. Nilikwisha shiba pole.

"Fundi, kiatu cha mteja unakikagua kabla ya kukishona?"

"Nakikagua, ndiyo."

"Na karatasi je?"

Nikalitazama dole gumba langu.

"Basi sikia. Usitie dole wala saini kwenye kitu ambacho hujakisoma. Kama hujui kusoma, mwite mtu unayemwamini akusomee. Kikiwa cha uongo, kataa, waandike upya. Ukishatia saini, omba nakala yako."

"Wakinipiga?"

Akakitazama kiatu chake. "Hapo sitakudanganya. Wanaweza. Usiende peke yako. Shahidi akiwepo wanaogopa kidogo."

Tulianza kusoma siku ileile. A, e, i, o, u, na mvi zangu hizi. Karani alisema kichwa changu kigumu kuliko soli. Ilichukua mwaka mzima.

Mwezi uliopita watu waliingia tena barabarani. Uchaguzi haujafanyika mpaka leo. Binti yangu alipelekwa hospitali amebebwa, risasi pajani. Daktari akaitoa. Kisha askari akaja wodini na karatasi. Karani alikuwa amesimama kando yangu.

"Tia dole, mzee, binti arudi nyumbani. Bila hii hatoki."

"Ngoja nisome."

"Usome nini? Ni karatasi ya kawaida tu."

Nikasoma kwa sauti, nafuata herufi kwa kidole. "A-li-a-ngu-ka na pi-ki-pi-ki."

Wagonjwa wakageuza vichwa. Binti yangu akacheka, machozi yanamtoka. "Baba, mimi hata baiskeli siiwezi."

"Mzee, unatuchelewesha."

"Mimi sina haraka," nikasema. "Daktari ametoa risasi. Andika risasi."

Karani akatoa kalamu na daftari. "Afande, tusaidie jina lako na namba yako," akasema kwa upole. Askari akamtazama, akawatazama wagonjwa vitandani. Wote walikuwa wanamwangalia. Akatoka nje kupiga simu. Tulimsubiri karibu saa nzima.

Alirudi na fomu nyingine. Niliisoma mara mbili. Jeraha la risasi, paja la kushoto. Nikaandika jina langu kwa mkono wangu, herufi zimepinda kama misumari mibovu. Nikaomba nakala. Nikapewa.

Kwa nakala hiyo wakili amefungua kesi. Binti yuko nyumbani, anatembea kwa mkongojo. Kesi imeahirishwa mara moja, na wataiahirisha tena, nawajua. Lakini hakuna wa kuniambia kwamba nilikubali.

Karatasi ya mke wangu bado inasema gari. Nimeandika barua mwenyewe, wafungue faili lake upya. Hawajajibu. Nakala ya binti nimeiweka kwenye mkebe wa misumari. Misumari nimeihamisha, ili nakala ya mama yake, siku ikija, nayo ipate nafasi.